Uji Niliowanyima

Unyambwa, 3 Juni 1958

Mjukuu wangu Naftali,

Hujambo huko Kampala? Mimi mzima; nyumba yako ndiyo mbaya. Namwambia katekista Isaka aandike kama nisemavyo, asipunguze hata tusi.

Mwanao Paskali amekufa. Kama dada yake Anastazia mwaka jana: homa, siku mbili za kunyimwa chakula ili ugonjwa usishibe, kama tulivyolelewa, na asubuhi tukamkuta wa baridi. Udongo haujakauka, baba yako mdogo Laurian akamburuta mkeo Dorika kwa nywele, akamng'oa meno mawili. "Mchawi! Anakula wanawe!" Nikamvunja mkono kwa mchi. Ni mwanangu, nilimzaa kwa uchungu, na wa pili nitauvunja.

Wanaume wameapa: Yunisi, mtoto wenu aliyebaki, naye akifa, watamchoma Dorika ndani ya nyumba. Wewe unafunga watu vidonda hospitali. Waulize wazungu wako, hii nini?

Bibi yako

Kampala, 30 Juni 1958

Shikamoo bibi yangu,

Nimelia, kisha nimemuuliza daktari. Anadhani tu, hana uhakika: mwilini kuna kitu kama chachu ya pombe yako, kazi yake kuchoma mafuta. Mtu akikosa chakula, mwili huishi kwa mafuta yake. Wanetu huenda walizaliwa na chachu mbovu, nusu kutoka kwangu, nusu kwa Dorika. Wakishinda na njaa, moto unazimika.

Yunisi akiugua, mpe uji wa asali. Akitapika, mpe tena. Bibi, usimnyime.

Mjukuu wako

Unyambwa, 21 Septemba 1958

Naftali,

U mzima? Barua yako Isaka alinisomea mara tatu. Ya tatu nikamfukuza.

Mwezi uliopita Yunisi alishikwa na homa. Nikamlisha uji kwa kidole. Akatapika, nikalisha. Siku ya pili wanaume wakaja na kuni na mafuta ya taa. Nikasimama mlangoni: "Mnamtaka mwuaji? Ni mimi. Wale wawili niliwanyima chakula mimi, kwa amri ya mdomo huu." Laurian akanipiga rungu, jicho la kushoto likapasuka. Wenzake kuona mtu anamwaga damu ya mama yake, wakaogopa laana, wakatupa kuni, wakakimbia.

Yunisi amepona. Anakula kuliko ndama.

Dorika alikuwa ndani, kasikia yote. Akatoka, akanipiga kofi la Anastazia. Akanipiga la pili, la Paskali. Sikuinua mkono. Kisha akachana kanga yake, akanifunga jicho.

Sasa ananipikia, ananiogesha, hanisalimii. Usimwandikie anisamehe.

Bibi yako