Ukanda wa Tyubu

Magamba, 2 Agosti 1973

Kaka Sefania,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji Efrazia na watoto? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu.

Kijiji chetu cha ujamaa kimeanzisha daftari la maarifa. Kila mwenye ujuzi anasema, mimi katibu naandika, ili mtu akiondoka ujuzi wake ubaki. Mzee Rajabu ametoa hata siri yake ya kabichi. Kubebesha miche ya peasi, yaani kuunga mti juu ya mti, hakuna anayejua. Baba alikufundisha wewe peke yako. Niandikie hatua zote, tafadhali.

Mdogo wako,
Tobia

Mtae, 20 Agosti 1973

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, namshukuru Mungu.

Baba alikupa shule, mimi akanipa kisu cha kubebeshea. Sasa una kalamu, una cheo, watu wanasimama ukipita, na kisu changu nacho unakitaka! Sikufichi, imeniuma.

Haya, andika. Kata shina la mti pori, lipasue. Chonga kijiti cha peasi nzuri, chomeka, gome likutane na gome. Funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kaza sana. Basi, hayo ndiyo yote.

Kaka yako,
Sefania

Magamba, 15 Novemba 1973

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko juu? Mama mkwe alikuwa na homa, sasa anatembea.

Miche mia mbili imechipua! Wageni wa wilaya walikuja, wakalishika daftari, wakataka linakiliwe kwa vijiji vingine. Lina jambo nililokuandalia, utaliona ukija.

Ila shingo za miche zinavimba hapo tulipofunga. Hakuna hatua uliyosahau?

Mdogo wako,
Tobia

Mtae, 9 Machi 1974

Mdogo wangu Tobia,

Salamu baadaye. Fungueni mikanda! Machipukizi yakifika shubiri moja, ukanda unatolewa, la sivyo unaunyonga mti. Sikusahau. Barua yako ya Novemba niliisoma, nikaiweka chini ya godoro. Nilitaka wageni wale warudi wakute vijiti vikavu mkononi mwako.

Jana jirani yangu Hezekia alirudi kutoka huko kwenu. Kasema ukurasa wa peasi umeandikwa juu, kwa herufi kubwa, "Maarifa ya Sefania wa Mtae." Kwa nini hukuniambia? Mimi nilidhani umeandika jina lako. Kila siku niliona wivu kwa sifa ambazo kumbe ni zangu. Nisamehe, mwana wa mama.

Kaka yako,
Sefania

Magamba, 21 Machi 1974

Ndugu Sefania,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima.

Barua imefika leo. Mikanda tumeikata leo hii, lakini ilikuwa imezama ndani ya gome. Upepo wa wiki iliyopita ulishavunja miche mia na sitini, yote shingoni.

Wanachama walitaka jina lako lifutwe. Nimekataa, maana ujuzi ni wako. Nimeongeza hatua ya mwisho, na tarehe uliyotuandikia hatua hiyo: 9 Machi.

Hapa sasa mche ukinyongwa na ukanda wake, watu wanasema, "Huu umesefania." Hawasemi kwa ubaya. Wengi hawajui kwamba ni jina la mtu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
T. Sefu Shemboza
Katibu wa Kijiji