Kesi Niliyoshinda Gatsata

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha mitihani hadi saa kumi. Macho yanawasha. Patrick, mwana wa marehemu mdogo wangu, amepita hapa kwangu Rebero. Jumamosi tunakwenda Gatsata kumposea, na msemaji wa ukoo ni mimi. Karangwa, binamu yangu fundi magari, amejitolea kunielekeza mila za huku, kwa kuwa nimekulia Bukoba. Nimekataa. Aliyeishia darasa la sita anifundishe mimi kusema?

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Sina neno lingine.

Msemaji wa wakwe, mzee mpole mwenye kofia, alisimama akasema babu yetu aliwahi kulisha ng'ombe kwenye maharage yao, kwa hiyo binti hatolewi. Nikamjibu kama niko darasani. Babu hakufuga ng'ombe maisha yake yote, alikuwa mhunzi. Na Gatsata hakufika. Nikamtaka mzee ataje shahidi. Karangwa akanivuta koti, nikamtoa mkono.

Mzee akavua kofia. "Mwalimu, hapa haiko tribinali. Umeshinda. Rudi na ushindi yako, umugeni anabaki."

Tukapakia vinywaji vyetu tukarudi bila bibi harusi.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Karangwa amenipigia kunieleza, wala hakunicheka, na hilo ndilo limeniuma. Ng'ombe ni wa kubuni. Kila posa wenyeji hutunga kosa la kuwasingizia wageni. Upande wa mwanamume huomba radhi, hutoa kinywaji, yamekwisha. Wanataka tu kujua kama binti yao anakwenda kwa watu wanaoweza kusema "tumekosa". Nimemkosesha mtoto wa mdogo wangu mke kwa ajili ya kuwa sahihi.

Jumatano, 12 Juni
Baada ya vipindi nimekwenda Gatsata peke yangu. Kila nilipoanza kumwomba mzee msamaha, nilijikuta natoa maelezo. Mara ya tatu nikasema nimekosa, nikanyamaza. Akaniletea chai. Amesema turudi Jumamosi ya tarehe 22. Kichwa kinauma. Heri kufundisha siku nzima.

Alhamisi, 20 Juni
Patrick amekuja. Amezunguka sana, maskini, akiogopa kuniudhi. Mwishowe: Baba mkubwa, tunaomba Karangwa aseme. Nilikuwa na hoja tatu za kumjibu. Nikamwambia sawa. Imeniuma.

Jumamosi, 22 Juni
Safari hii kosa lilikuwa mzinga wa nyuki tulioiba. Karangwa aliinama akaomba radhi kwa mzinga, kwa asali, na kwa kila nyuki aliyelala nje siku hiyo. Watu walicheka hadi machozi, mzee akiwa wa kwanza. Binti alitolewa kabla ya saa nane.

Mimi nilikaa mstari wa pili, nikisaidia kugawa soda. Miguu ilichoka, moyo haukuchoka sana. Bwana mmoja wa upande wao aliniuliza mimi ni nani kwa kijana. Nikasema baba yake mkubwa. Nilitaka kuongeza cheo. Nikampa soda.