Spika Zilizomshinda Nyundo

Chumba cha Nyuma,
Mkabala na Kiwanda cha Sabuni.
Alhamisi, mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kujiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Na wifi yangu, mgongo umempa nafasi ya kupumua? Sisi huku tunakula na tunalala, hatujambo; lililobaki utalisoma mbele.

Binti yetu ameota meno mawili na anamng'ata kila anayemchekea. Wateja wangu wa kusuka wanapokezana kumbeba, ndiyo maana nywele zao zinakwisha kusukwa mapema siku hizi.

Sasa habari ya redio. Zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo wa akina mama imefika, na tangu tuoane muziki wa humu ndani ni wa simu tu. Tukakubaliana tununue redio ya maana, yenye spika mbili. Pesa ni ya kubana, kwa hiyo nilifuata ushauri wako: chumba kidogo, spika ndogo, tusinunue mataa ya kumeta, na twende na wimbo tunaoujua. Tulikwenda na ule tuliouchezea harusini.

Muuza duka ni mama mmoja mpole. Alitufungulia ya kwanza, nikaipenda papo hapo. Kinanda, matoazi, hata pumzi ya mwimbaji, vyote vilikuwepo. Shemeji yako Nyundo akatikisa kichwa.

"Hii imeziba. Matoazi yako wapi?"

Yule mama akabadilisha waya. Akabadilisha spika. Akaleta redio ya tatu, akapandisha sauti nyembamba mpaka mwisho, mimi meno yananiuma, na Nyundo bado anang'ang'ana: "Mama, usituuzie mabovu. Wimbo huu naujua, hapa katikati pana matoazi."

Yalikuwa yanalia wakati uleule anayaulizia. Yule mama akanitazama mimi, akaacha kubishana.

Kaka, mambo mengi yalinijia kwa pamoja. Mtoto hulia kitandani, baba yake yuko mlangoni anang'arisha viatu, wala hageuki. Birika hupiga mluzi mpaka maji yanakaribia kukauka. Nami nilikuwa nanuna nikidhani napuuzwa. Kunyoosha bodi za magari ni kugonga bati kutwa, tena kwenye banda la mabati, na yeye hiyo ndiyo kazi aliyoizoea tangu ujana. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na methali hiyo sasa siipendi hata kidogo.

Sasa moyo wake uko kwenye sabufa moja kubwa kama kabati. Hiyo anaisifu kwa sababu inatikisa sakafu. Anataka kwenda kuilipia Jumamosi, aiweke karibu na kichwa cha kitanda. Mwenye nyumba atatufukuza, lakini hilo ni dogo. Mimi naona tunanunua kitu cha kumalizia masikio yaliyobaki.

Halafu juzi, pale gereji, gari lilikuwa linarudi nyuma, honi inalia, mwenzake akamvuta kwa shati. Alinisimulia huku anacheka. Sikucheka. Nilimwambia kwa upole twende hospitali wakamtazame masikio, akasema mwenye masikio mabovu ni yule muuza duka. Naogopa, Kaka. Naogopa kumbana akavunjika moyo, na naogopa kunyamaza nikaja kuletewa habari na watu wa gereji.

Wewe ndiye uliyemwingiza kwenye kazi ile, mkagonga bati bega kwa bega mpaka ulipoondoka. Mimi nikisema ni kelele za mke. Wewe ukisema atasikiliza. Nilitaka nikuombe umwambie aende kwa daktari, tena umwambie kama kwamba wazo ni lako.

Nilikuwa nimefika hapo, akaingia kula chakula cha mchana. Akaona karatasi, akauliza namwandikia nani. Nikamjibu, na mara ya pili nikamjibu kwa nguvu, kwamba ni wewe. Akanawa mikono, akakaa, akaitazama sahani bila kuigusa. Kisha akasema polepole, "Muulize shemeji, hii filimbi ya masikioni, yeye ilimwisha baada ya muda gani?"

Kumbe anajua. Anajua, na muda wote huu alikuwa anangoja ipite.

Kwenye simu atakuitikia ndiyo, ndiyo, bila kushika neno. Kwa hiyo andika, Kaka, na bahasha iwe na jina lake, si langu. Kama ilikwisha, mwambie. Kama mpaka leo inalia, mwambie vilevile, na umwambie ulikwenda kuonwa na nani. Nimemwomba sabufa isubiri mpaka barua yako ifike. Nyundo ninayemjua angebishana nami mpaka jioni. Amekubali bila neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nisalimie wifi, wanao wote, na shangazi ukimpata hewani. Mola awafunike kwa rehema zake, awape afya na riziki isiyo na vurugu.

Ni mimi nikupendaye daima,
Dada yako, kitinda mimba.