Neno Aliloniuliza Mwanao

Nyumba ya uani,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole tena kwa maradhi. Umelalaje? Chakula cha hospitali kinapita kooni? Sisi huku miili ni mizima. Kwa mengine tunajikongoja.

Mwanao alifika salama kutoka huko ng'ambo. Anakula, ila viazi anavitenga pembeni ya sahani kama vimemkosea. Kiswahili chake ni "shikamoo" na "sitaki", basi. Kiingereza changu unakijua, kinachechemea tangu shuleni. Tunaelewana kwa vidole na macho.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Juzi nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule, akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza swali. Nilidaka neno moja tu, "raise". Hilo nalijua, walimu walitumia hilo kututaka tunyooshe mikono. Nikadhani anataka kubebwa. Nikamnyanyua juu karibu aguse dari, nacheka peke yangu. Kumbe mwenzangu analia, machozi yanamtiririka bila sauti.

Nikamwita jirani yetu, yule mwalimu mstaafu. Alimsikiliza, akavua miwani. Akanieleza kwamba neno hilo lina kazi nyingi: kuinua mkono, kupandisha mshahara, kupaza sauti, hata kufuga kuku.

"Na pia ni kulea," akasema. "Anauliza, baba hayupo duniani, mama amelazwa, nani atamlea."

Nilikaa chini. Nikamwomba mwalimu amjibu kwamba nitamlea mimi mpaka mama yake apone, arudi. Mtoto akafikiri, akauliza tena. Safari hii mwalimu hakutafsiri. Alinitazama tu, nami nikaelewa: na mama asiporudi?

Nilimfuta machozi, nikarudi kazini, nikapachika mfuko mgongoni mwa shati la watu.

Mdogo wangu, kila nikipiga simu unasema hujambo. Hata utotoni ulisema hivyo huku homa inakutetemesha. Niambie daktari amesema nini hasa. Hata kama si habari njema, niambie. Nataka cha kumwambia mtoto, maana kila jioni anakaa akinikabili, na haulizi tena.

Shemeji yako anakusalimu, na mwalimu pia. Mwanao amechora kitu hapo chini. Sijui ni nini, nami sina lugha ya kumuuliza.

Mungu akushike mkono pale nisipofika mimi.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako