Masikio ya Nyangumi na Yako

Zaina anakwenda Ulaya, Baba Zaina! Mwanao, si wa mtu mwingine, anakwenda kusomea sauti za baharini!

Hamjambo huko Ngombezi, mume wangu? Mimi huku Tanga nala pweza mpaka nanenepa. Jana Zaina alinipandisha kwenye boti yao ya kazi, akanivika vile vya masikioni, akateremsha waya majini. Nikasikia kama bisi zinakaangwa. Kumbe ni kambamiti wanagongesha magando! Anasema bahari ikizidi joto, sauti hukimbia zaidi na kupinda njia, na nyangumi wanaoitana huweza kupoteana. Nimeyashika yote, mimi wa darasa la nne.

Bosi wake Mzungu akasema anawahurumia nyangumi, kelele za meli zinawaumiza masikio. Nikamwambia Zaina, "Mtafsirie. Baba yako kelele za mashine ya mkonge zimemla masikio yote mawili, na shamba alikofanya kazi lilipouzwa hakuna aliyempa hata pole." Zaina akanivuta kanga: "Mama, basi." Basi nini? Nikarudia, akatafsiri.

Najua hupendi safari, watu wanakupigia kelele usoni kama mtoto. Lakini mwanao hataki kuondoka bila kukushika mkono. Mlete na kaka yako wa Kabuku, aliyesema msichana ataishia jikoni, aje ajionee. Nimekukumbuka, mzee wangu. Jumamosi tunawatazamia wote.