Flashi Mchana Kweupe

Jumatatu, 7 Julai
Nimesafisha filamu ya jana. Nyuso giza tena. Jua la saa sita, kofia, basi: macho mashimo matupu. Petro, dereva wa kombaini ya kuvunia hapa shamba la ngano, kaja kuchukua picha yake na baba yake. Kaitazama weee. "Mama, hii ni picha ya kofia." Aibu! Masikio yaliniwaka moto.

Baba yake, Mzee Gidamis, anahamisha ng'ombe Jumamosi. Malisho yote yamekuwa ngano. Tangu Petro aajiriwe hapa mzee hasemi naye. Lakini haondoki bila picha kwenye kaburi la baba yake, lile tuta lililobaki katikati ya shamba, na mwanawe awepo. Atarudi Ijumaa, saa sita tu, ng'ombe wakiwa wamepumzika. Nikiharibu tena, basi.

Jumatano, 9 Julai
Nimetoa flashi ya harusi za kanisani. Nimemsimamisha dada Maria uani, jua mgongoni. Majirani hawana mbavu. "Mama Neema anawasha taa mchana!" Wacheke.

Jioni nimesafisha. Macho yanaonekana! Ila nilimsogelea mno, Maria kawa mweupe kama unga. Kanuna. Flashi ikae mbali kidogo.

Ijumaa, 11 Julai
Shikamoo, mzee. Marahaba, kavu kabisa. Nikawaambia wasimame mbele ya tuta, lionekane nyuma yao. Mpumbavu mimi. Mzee akashika fimbo, akaanza kuondoka. "Baba yangu simpi mgongo."

Nilimwomba radhi nusura nipige magoti. Akarudi. Wao wakageukia kaburi, mimi nikavuka ng'ambo ya pili ya tuta. Sasa jua likawa nyuma yao, nyuso zikazama chini ya kofia. Na kutoka kule nilikosimama, mwanga wa flashi haufiki.

Ninao waya mrefu wa flashi, kaka yangu fundi redio aliniungia. Nikauliza kwa woga: taa inaweza kukaa juu ya kaburi? Nilijua nimeharibu kila kitu. Mzee akaja, akaichukua flashi mkononi mwangu, akaiweka mwenyewe, taratibu, upande ule uliomegwa na jembe la trekta. Akarudi kusimama na mwanawe. Nikabonyeza.

Kisha akamgeukia Petro, akasema kitu kwa lugha yao. Kifupi. Petro alinitafsiria njiani: "Ukifika hapa, zunguka mbali."

Jumapili, 13 Julai
Picha imetoka. Macho yote manne. Hawanitazami mimi, wanatazama kule taa ilikotoka. Nimelia kidogo. Petro kachukua mbili, moja ataipeleka kwa mzee huko kwenye ng'ombe.

Jumanne, 22 Julai
Wamevuna kipande kile. Nimepita nikitoka kuchota maji. Mabua matupu kila upande. Katikati duara pana la ngano, imesimama, na tuta ndani yake.