Mume wa Mama Achol

Juba, Jumatano. Mvua tangu mchana.

...na bado sijui ningemwambia nini yule mama.

Wizara yetu changa hatimaye imepata unga wa wajane, na leo tumeugawa kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mangateen. Swali la kwanza ni moja tu: "Una mume?" Mama Achol, anayelala chini ya turubai na watoto watatu, alijibu bila kusita, "Ndiyo, ninaye."

Mkubwa wangu, ambaye si wa kabila letu mimi na Mama Achol, akamwambia apishe wengine.

Nilimvuta kando. "Mama, sema tu huna. Si alikufa vitani?"

"Alikufa, kila mtu anajua. Lakini ni mume wangu. Nikisema sina mume, mwanangu, hawa watoto watakuwa wa nani?"

Kwetu kifo hakivunji ndoa. Ndugu wa marehemu huzaa na mjane wake, na watoto huitwa kwa jina la marehemu. Sasa hata huyo ndugu hajulikani alipo.

Nilimweleza mkubwa. Akajifuta jasho. "Malesh, samahani dada. Unga ni wa wajane, na mwenyewe amesema si mjane. Mimi nifanyeje?"

Mama alikunja gunia lake tupu, akaliweka kichwani kukinga mvua, akaondoka.

Mama yangu angeulizwa, angejibu vivyo hivyo. Baba alikuwa ameshazikwa miaka mingi nilipozaliwa, na jina lake ndilo ninalotumia mpaka leo.